Mwarobaini ulioinamia jiko la Bi Zuhura

Leo nusura niangushe mti juu ya jirani yangu.

Mwarobaini wa uani kwetu hapa Kuze umeliinamia jiko la Bi Zuhura tangu mvua kubwa. Nikaazima msumeno, nikafunga kamba ya kuuvutia upande wetu, nikamwomba atoke jikoni kidogo.

"Si wasema utaangukia kwako?"

"Ndiyo, Bi."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Basi kata. Mimi napika."

Akaingia jikoni, akafunga mlango.

Jamani, mkono ulikataa. Mke wangu yuko dirishani ananitazama.

Nikauweka msumeno chini, nikaenda sokoni Marikiti kumwita Kahindi, ambaye kazi yake ni kukata miti. Akaligonga shina kwa mgongo wa panga.

"Ndani mtupu huu. Ungeukata chini ungepasuka, ukakupiga wewe kwanza."

Akaegemeza ngazi ukutani, akaushusha kipande kipande kuanzia juu.

Alasiri nikamuuliza Bi Zuhura, "Hivi kweli ungekaa humo ndani?"

"Nikae nife? Nilitokea mlango wa nyuma zamani, nikaenda zangu kwa dada."

Mke wangu hajamaliza kucheka. Nyinyi mngekata?