Jina Nililomnyima Kaka Yangu

Niseme mapema kwamba sikuwa mlevi, sikulazimishwa na mtu, na nilikuwa na digrii. Nilimnyima kaka yangu marehemu jina, nikampa mtoto jina la Kifaransa, na nilifanya hivyo nikiwa na akili zangu timamu. Langu silitaji, kwa sababu majirani zangu hapa Komarock, Nairobi, bado wananisalimia vizuri.

Kaka yangu aliitwa Khaemba. Alikuwa mkubwa wangu kwa miaka miwili. Aliacha shule ili mimi niendelee, akaja Nairobi, akapata kazi kiwandani upande wa Baba Dogo, akapanga chumba mtaa wa Lucky Summer. Alioa, mke akaondoka kabla hawajapata mtoto. Mwanzoni mwa miaka hii ya tisini alishikwa na homa ya mapafu, na wiki ya tatu tukamsafirisha nyumbani, magharibi, ndani ya sanduku.

Kwetu mwanamume aliyekufa bila mtoto hajaisha bado. Mtoto wa kiume atakayezaliwa na ndugu yake hupewa jina lake, na anayempa ni nyanya yake. Kuanzia siku hiyo nyanya humwita mtoto huyo "mwanangu". Humtania na kumgombeza kwa makosa ya marehemu, na watu hucheka, na msiba unapata pa kupungulia. Dada zangu wawili wameolewa, watoto wao ni wa koo nyingine. Kwa hiyo njia ya Khaemba kurudi ilikuwa moja tu, nayo ilipitia kwangu.

Tulipomzika, mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minne. Mama alimtazama mke wangu tumboni, kisha akaendelea kulia, lakini kwa sauti ya chini kidogo kuliko mwanzo.

Sasa nieleze hicho Kifaransa. Nilikisoma chuo kikuu kwa miaka mitatu, nikiamini kwamba balozi mbalimbali zingenigombania. Nikaishia kwenye ofisi ya bima mjini, nikiwaandikia watu barua za Kiingereza kuwaeleza kwa nini magari yao hayatalipwa. Ufaransa sijawahi kufika. Kwa upande wa magharibi safari zangu zote ziliishia mpakani Busia. Na Kifaransa chenyewe kilikuwa kimebaki salamu, majina ya siku, na jinsi ya kuagiza mkate.

Ningeweza kusingizia kwamba niliipenda lugha. Ukweli ni mdogo kuliko huo, na unaniaibisha zaidi.

Mtaani kwetu ukishapata mtoto, jina lako limekwisha. Unaitwa kwa jina la mtoto wako wa kwanza, dukani, kanisani, kwenye foleni ya maji, mpaka uzeeke. Basi nilikaa nikajisikiliza. Baba Khaemba: huyo ni mtu wa kubeba magunia ya mahindi sokoni. Baba Lucien: huyo ana pasipoti. Nilikuwa nikijichagulia jina langu mwenyewe. Mtoto alikuwa wa kulibeba tu.

Mke wangu aliona mapema. "Si uandike yote mawili?" aliniambia. "Lucien mbele, Khaemba katikati. Nani atakukataza?"

"Atakuja mtoto mwingine," nikamjibu. "Huyo ndiye atakuwa Khaemba."

"Umeambiwa na nani kuna mwingine?"

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka.

Hospitalini muuguzi alijaza fomu, akafika mahali akainua kalamu. "Hapa katikati je, baba? Nyinyi watu wa magharibi huwa na lingine la kuweka hapa."

"Paache wazi," nikasema.

Mtaa ulinipokea kwa namna yake. Kijana wa buchari aliniambia huku akikata nyama, "Buda, hiyo jina ni ya mtoto ama ya dawa ya kikohozi?" Watoto wa jirani walilifupisha wakapata Lusi, na mwanangu akaanza maisha akiwa na jina la msichana. Nilivumilia. Msomi huvumilia wasiojua.

Mama alikuja mtoto akiwa na siku tisa. Hatukuwa tumemwambia jina. Mimi ndiye niliyeahirisha. Alikuja na unga wa wimbi na shuka jipya jeupe, na alikuwa amenyoa nywele kama siku ya msiba, kwa sababu kwake hilo lilikuwa tendo lilelile, ila sasa alikuwa analimalizia.

Bahati mbaya jioni hiyo walikuwepo wageni wawili, wenzangu wa ofisini, waliokuja kumwona mtoto. Nilikuwa nimewaeleza maana ya Lucien kwa urefu. Mmoja alikuwa tayari amechoka.

Mama alinawa mikono. Akamtwaa mtoto, akamweka kwenye lile shuka, akamwinamia, akasema kwa lugha yetu, taratibu, kama mtu anayemwamsha aliyelala, "Khaemba. Khaemba mwanangu. Umefika?"

Wageni wakanitazama. Nikaona aibu. Nikasema kwa Kiswahili, ili waelewe, "Mama, huyu anaitwa Lucien. Khaemba alikufa."

Maneno sita. Nimeandika barua za kurasa tatu kuwanyima watu haki zao, na hakuna hata moja iliyofanya kazi kama hayo sita.

Mama hakupaza sauti. Alimfunika mtoto vizuri, akamrudishia mke wangu, akanawa mikono tena.

"Basi," akasema. "Amesikia."

"Nani amesikia?" nikauliza.

"Uliyemfungia mlango."

Asubuhi aliondoka. Shuka aliliacha. Mke wangu hakunisemesha siku nne, na mimi nikajiambia kwamba wanawake watapoa, na kwamba mtoto wa pili yuko njiani.

Alikuwa njiani kweli. Miaka mitatu baadaye mke wangu alipata mimba nyingine, na safari hii nilikuwa mpole. Nilimwita Khaemba akiwa bado tumboni. Nilimpelekea mama ujumbe, naye akajibu kwamba anashona shuka lingine. Mimba ilifika miezi saba ikaharibika usiku mmoja, damu ikakataa kukoma, na ili mke wangu aishi, madaktari wakatoa kizazi. Mtoto alikuwa mvulana. Alizaliwa amekwisha kufa.

Mke wangu alipopata nguvu ya kusema, alisema jambo moja tu kuhusu hayo, na hajalirudia. "Tulikuwa na mmoja mzima."

Nilisafiri nyumbani peke yangu. Nilimkuta mama ukumbini akichambua maharagwe. Nilikaa chini, kwenye mkeka, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu nilipoanza kuvaa tai.

"Mama, nimekuja kuomba jina."

"Jina la nani?"

"La kaka."

"Unampa nani?"

"Lucien. Yuko hai. Ana miaka mitatu, ana nguvu, hata kicheko ni kile cha kaka."

Aliendelea kuchambua. "Huyo ana jina. Ulimpa mwenyewe, mbele ya watu."

"Nilikosa, mama."

"Najua ulikosa. Ningekuwa na hasira na wewe ningeshukuru, maana hasira yangu naijua, huisha. Hili si la hasira. Mtu akija akaambiwa amekufa, haitwi tena kwa mtoto yuleyule. Hungoja anayefuata."

"Hakuna anayefuata, mama. Wewe unajua."

"Najua."

"Sasa tufanye nini?"

Ndipo akaniangalia. "Unaniuliza mimi? Wewe ndiye uliyesoma."

Hakusema kwa kejeli. Nafikiri alitumaini kwamba labda kweli kule chuoni tulifundishwa kitu. Nilisubiri anifukuze, hakunifukuza. Alinipikia yale maharagwe, tukala, akaniuliza habari za mke wangu.

Nilijaribu kumwita mtoto Khaemba pale nyumbani Komarock, kimyakimya, mama asipate habari. Haikushika. Alikuwa ameshajijua. "Mimi si Khaemba," aliniambia, bila ubaya wowote, "mimi ni Lucien." Ningembishia vipi? Nilimfundisha mwenyewe.

Mwaka jana mama aliugua, tukaenda sote. Siku za mwisho fahamu zake zilikuwa zinakwenda na kurudi. Alimwita Khaemba mara nyingi, akamuuliza kama amekula, akamwambia afunge mbuzi kabla ya mvua. Dada yangu mkubwa alishindwa kuvumilia. Akamshika mwanangu mkono, akamsogeza kitandani, akaninong'oneza, "Leo hatajua tofauti. Mwache aitikie tu."

Nilikubali. Nilimwambia mtoto, "Nyanya akikuita, itika."

Mama alifumbua macho. Alimtazama kwa muda mrefu, tukangoja. Kisha akamwonyesha kigoda kilichokuwa karibu na kitanda, kwa adabu ile anayopewa mtu wa mbali.

"Karibu, mgeni," akasema. "Keti. Mwanangu atakuja sasa hivi."

Alikufa siku mbili baadaye, bado anamngoja.

Sitawadanganya kwamba nimejifunza kitu kitakachonisaidia. Mwanangu ni mtoto mwema, hana kosa, na jina lake si baya. Kuna watu maelfu wanaolibeba huko Ufaransa, na hawakuwa wamepungukiwa na mmoja. Khaemba alikuwa na nafasi moja. Sasa kwenye boma letu hakuna anayelitamka jina lake kwa kumwita mtu. Tunalitamka tukieleza habari tu.

Wewe kijana uliyesoma, ambaye mkeo yuko karibu kujifungua, na huko nyumbani kuna mama aliyefiwa anayeulizia kila wiki kama bado: mpe mtoto jina lolote linalokufurahisha, la Kifaransa, la Kirusi, la mwezini. Lakini mama huyo akija, akanawa mikono, akamwinamia mtoto na kumwita kwa jina la marehemu wake, wewe nyamaza. Hata kama kuna wageni. Kazi yako hapo ni kunyamaza tu, na mimi ndiyo iliyonishinda.