Kuvu ya Ukuta wa Nyuma

Harufu ya kuvu hainipotei. Ni harufu ya gunia lililolowa likafungiwa chumbani, na kila inaponifikia narudi kuwa mtoto katika nyumba ya serikali karibu na Amalemba, mjini Kakamega, mwaka uliofuata Uhuru. Baba yangu alikuwa karani, na nyumba ile ya matofali na bati ndiyo iliyotutoa kijijini upande wa Bukura, nasi tukajiona watu. Ilikuwa imepakwa chokaa kwa ajili ya sherehe za Uhuru, nyeupe ya kuumiza macho. Kisha masika yakaingia. Aliyeishi Kakamega anaijua mvua hiyo: asubuhi jua kali, alasiri radi, halafu bati linapigwa hata watu wa chumba kimoja wasisikizane. Haukupita muda ukuta wa nyuma, wa chumba tulicholala watoto, ukaota madoa meusi yenye manyoya laini, na kwenye mbao za dirisha ukachomoza uyoga mwembamba wa rangi ya maziwa. Mdogo wangu Lihanda alitaka tuuchume tupike. Mama alimfinya sikio, akamwambia kwamba uyoga wa kwenye kichuguu tunaujua tangu mababu, lakini huu wa dirishani hakuna anayejua ukoo wake.

Mama alipigana na ukuta ule. Kila Jumamosi alitusogeza nje na vitanda vyetu, akachanganya maji ya majivu na sabuni, akasugua mpaka vidole vikachubuka. Ukuta ulikaa safi siku chache, kisha weusi ukarudi palepale, na Lihanda akaanza kukohoa usiku. Leo najua tulichokuwa tukikifanya. Kuvu si uchafu. Ni kiumbe hai, na kinachokiita si uvivu wa mtu bali unyevu. Ukiifuta bila kuikatia maji umeinyoa tu, nayo itaota tena. Maji yenyewe yalikuwa hayajifichi. Nyuma ya nyumba, pale mfereji wa bati unaokinga maji ya paa ulipoachana kwenye kiungo, mvua yote ilimwagikia ukutani, na mstari wa kijani wenye utelezi ulishuka kutoka juu hadi chini, mmea usio na jani wala mzizi unaoishi kwa maji na mwanga tu. Kijani nje, weusi ndani, mahali pamoja. Mama alimwonyesha Baba. Baba alipeleka habari ofisini, akaambiwa asubiri.

Aliyekuja hatimaye hakuja na fundi. Alikuwa msimamizi wa nyumba, Mwafrika mwenzetu aliyekuwa ndio kwanza amekalia kiti cha Mzungu, na soksi zake ndefu zilikuwa zimevutwa hadi magotini. Mama alimwomba azunguke nyuma aone. Hakuzunguka, labda aliogopa tope. Alisimama mlangoni mwa chumba chetu, leso puani, akazungumza na Baba kana kwamba Mama ni kiti.

“Hizi nyumba Wazungu walituachia safi,” alisema. “Huyu mama ametuletea tabia ya kijijini. Ukuta ukiendelea hivi, nyumba nitapatia mtu mwingine.”

Nilimtazama Baba. Nilingoja aseme neno moja tu, kwa kuwa mstari ule wa kijani alikuwa ameuona kwa macho yake. Baba alisema, ndiyo bwana. Mpaka leo neno hilo linanichoma. Mnyonge kupata haki ni mwenye nguvu kupenda, sawa, lakini mkewe alikuwa mnyonge kuliko yeye, naye akamtoa kafara ili abaki na paa. Majirani walikuwa wamesikia yote kupitia ukuta. Wiki hiyohiyo Mama na sisi watoto tulirudishwa kijijini kwa Kukhu, mama yake Baba, mpaka nyumba “isafike.”

Neno likatutangulia. Mke wa baba mdogo alianza kuviosha tena vyombo ambavyo Mama ameviosha, huku akicheka, eti ni mazoea yake tu. Lisemwalo lipo, walisema wengine. Na mambo yalikuwa wazi kwa mwenye macho: katika jiko la Kukhu, nyumba ya udongo na nyasi, hapakuwa na kuvu hata kidogo. Moshi ulikausha kuta mchana kutwa, upepo ulipita chini ya paa, na mahindi ya mbegu yaliyoning'inia juu ya moto yalikaa makavu kama mfupa. Na eti Mama ndiye aliyeleta kuvu mjini kutoka kijijini!

Baba alikuja mwisho wa mwezi. Kabla hajaketi tuliisikia harufu ile. Ilikuwa katika koti lake, na ukingo wa kofia yake ulikuwa na madoa meusi. Kukhu alimwekea obusuma, ugali wa kwetu, na kuku. Mama aliichukua kofia, akaigeuzageuza.

“Baba Imali,” alisema taratibu, akimwita kwa jina langu, “mimi sikuwa huko. Sasa mchafu ni nani?”

Baba aliipokea kofia yake. Alimwomba arudi naye jioni ile.

“Tengeneza kwanza pale maji inamwagikanga,” Mama akasema. “Halafu ukuje unichukue mchana, watu wakiona.”

Alitengeneza. Alipanda juu mwenyewe na kipande cha bati, akapigilia misumari, kazi ya asubuhi moja. Ukuta ulikauka, nasi tukarudi mchana, Mama akiwa mbele, na usiku Lihanda hakukohoa tena. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia pole, si Baba wala mwenye soksi. Misumari michache ndiyo iliyokosekana, na badala yake wakatumia jina la mwanamke kuzibia ufa.

Mwaka jana binti yangu alinipigia simu analia. Amepanga Kakamega hiyohiyo, ghorofa jipya la vigae, na wakala wa nyumba alimwambia chumba kimeota kuvu kwa sababu hajui usafi, ajiandae kuhama. Nilifika nikamkuta ameshika brashi, vidole vimechubuka. Wakala naye alikuwa mlangoni, anamwonyesha weusi kwa kidole. Nilimwambia binti yangu aweke brashi chini. Kisha nikamshika wakala mkono, nikamtembeza topeni hadi kwenye mstari wa kijani nyuma ya jengo, nikamwambia atazame juu.