Zamu za Marehemu

"Karatasi yako hii ikikubaliwa, nani atakosa maji?"

Nakumbuka swali hilo kuliko maswali yote niliyowahi kuulizwa darasani. Niliulizwa jioni moja ya mwezi wa tisa, nikiwa barazani kwa Bibi Elinipa, kikombe cha chai mkononi na ripoti yangu mapajani. Nilijibu haraka, tena vibaya. Nami nilikuwa mtu wa majibu.

Mwanangu, usicheke nikikuita hivyo. Najua nimekuzidi miaka minane au tisa tu, na umekuja kunionyesha andiko la utafiti wako, hukuja kutafuta mama wa pili. Lakini kuna kazi humzeesha mtu kabla ya wakati, na mimi nilizeekea mferejini. Andiko lako nitalisoma. Kwanza nisikilize.

Nilikulia Kaloleni, hapa mjini Arusha, kwenye nyumba moja yenye familia nne, ambako mtu asiyehoji hapati hata zamu ya bafu. Methali zilinichosha tangu utotoni. Mtu akisema haraka haraka haina baraka, mimi nauliza: nani alipima? Chuoni tabia hiyo ilinifaa sana. Nilizitilia shaka takwimu za serikali, nikazitilia shaka za wafadhili, nikawatilia shaka walimu wangu mpaka mmoja wao akawa akiniona naingia anaanza kukusanya vitabu vyake. Kitu kimoja tu sikukitilia shaka, nacho ni maandishi yangu mwenyewe.

Mwaka wa mwisho wa uzamili, sisi wa masomo ya kanda na sera za umma tulitakiwa kufanya mradi wa kuhitimu. Haukuwa utafiti wa kuwekwa kabatini. Kila mmoja alipewa ofisi yenye tatizo la kweli, na ofisi hiyo ilikuwa inausubiri ushauri wake. Mimi nilipewa mfereji. Unaanzia kwenye banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, juu kidogo ya Kikwe, unashuka katikati ya migomba na kahawa hadi kwenye mashamba ya maharage kule chini. Wenye mashamba huyapata maji kwa zamu, na ofisi ilitaka kutengeneza ratiba mpya ya zamu hizo. Niliambiwa nitafute kasoro za ratiba ya zamani.

Mtu akitumwa kutafuta kasoro, mwanangu, hurudi nazo.

Nilipanga chumba kwa Bibi Elinipa, mjane wa Kimeru ambaye shamba lake lilikuwa karibu na mwisho wa mfereji. Kila asubuhi nikimwambia shikamoo, anajibu, "Marahaba, msomi. Leo umeota maswali mangapi?" Nilidhani ananitania kwa sababu haelewi kazi yangu.

Orodha ya zamu ilikuwa kwa Mzee Loth, mwenyekiti wa mfereji, katika daftari lenye jalada la karatasi ya kaki. Mkono wa kushoto yaliandikwa majina, mkono wa kulia tarehe ambazo kila mmoja alifungua maji. Zamu ilizunguka kila siku ya kumi na mbili, kwa hiyo haikuwa na Jumatatu wala Jumanne yake. Nilinakili majina yote kwa uangalifu. Tarehe niliziacha. Niliona ni alama za mzee za kujikumbusha, hazina kazi kwangu.

Kisha nikaanza kuwatafuta wenye majina ili niwahoji.

"Mzee, huyu wa nne nitampata wapi?"

"Huyo? Yupo shambani kwake, pale kwenye migomba."

"Nilipita pale, sikumwona. Nimpigie simu?"

Mzee Loth akavua kofia. "Mpigie. Akipokea, nipe na mimi nimsalimie. Tulimzika mwaka ule wa mvua kubwa."

Wazee wawili waliokuwa naye wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Mimi sikucheka. Nilikaa na lile daftari siku tatu, nikakuta majina kumi na moja ya watu waliokufa, na kila mmoja wao bado ana zamu ya maji. Neno "hewa" tumelizoea katika nchi hii: mfanyakazi hewa, mwanafunzi hewa, mtu aliyeandikwa mahali ambapo hayupo. Basi nikaandika kwa wino mzito: majina hewa. Nikapendekeza yafutwe yote, na maji yake wagawiwe wanachama walio hai waliomo katika orodha. Niliona nimevumbua jambo. Ofisi ingefurahi, chuo kingefurahi, na mimi ningehitimu mwezi wa kumi na moja pamoja na wenzangu.

Hiyo ndiyo ripoti niliyomsomea Bibi Elinipa barazani, kwa majivuno, kama mtoto anayesoma cheti chake. Alinisikiliza mpaka mwisho akichambua mchele. Kisha akauliza lile swali.

"Bibi, hakuna atakayekosa," nilisema. "Hawa ni marehemu. Marehemu hanywi maji."

"Sikukuuliza nani anakunywa. Nimeuliza nani atakosa."

Nikarudi kwenye ukurasa wa majina, nikaanza kuyapitia tena.

"Unaipeleka lini?"

"Keshokutwa asubuhi."

Akaweka ungo chini. "Basi kesho tunatembea. Vaa viatu vya maana, si hivyo vya kwenda kupiga picha."

Tulitoka kabla umande haujakauka. Alitangulia na fimbo yake, tukapanda hadi banio, kisha tukaanza kushuka na maji, shamba kwa shamba. Ilituchukua siku nzima. Kwenye kila mlango wa maji alisimama, akataja jina la marehemu, halafu akanionyesha aliyeshika jembe.

Maji ya yule wa nne, ambaye nilitaka kumpigia simu, yalimwagilia bustani ya binti yake aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika. Maji ya mwingine yaligawanywa na wajane wawili, mmoja asubuhi, mmoja mchana. Maji ya mwingine tena yalikwenda kwa mama mmoja mhamiaji wa kutoka Singida, aliyeuza mboga sokoni Tengeru, ambaye mumewe hakuwa na ukoo wowote mlimani. Marehemu kumi na mmoja, na nyuma yao watu ishirini na zaidi, karibu wote wanawake. Katika madodoso yangu hakuwamo hata mmoja. Nilikuwa nimeuliza "mwenye zamu ni nani?" na nilijibiwa kwa ukweli.

"Mbona hamwandikishi majina yenu?" niliuliza. Nilikuwa nimechoka na nimekasirika, na ukitaka kujua, nilijikasirikia mwenyewe. "Kwa nini mjifiche nyuma ya wafu?"

Bibi aligeuka. Sijawahi kuangaliwa hivyo.

"Sikiliza, binti wa mjini. Sheria ya mfereji ni ya wazee waliouchimba. Mwenye zamu ni aliyechimba, au mwanawe wa kiume. Tukisema ibadilishwe, wa juu watasema haya, tuanze upya wote. Tukianza upya, wao wako banioni na sisi tuko huku. Aliye juu mngoje chini, si ndivyo mnavyosema? Sisi tumengoja, hatujaona akishuka. Kwa hiyo tunawaacha marehemu watushikie nafasi. Wafu wetu wapole. Hawagombani na mtu kwa ajili ya maji." Akapiga fimbo chini. "Wewe umekuja na kalamu, siku tatu, unawafukuza."

Tuliendelea kushuka. Karibu na mwisho tulifika kwenye mlango wa shamba lake mwenyewe, zamu ya marehemu mumewe, Mzee Anaeli. Maji yalikuwa yanapita. Alisimama pale akiyatazama, mkono juu ya fimbo.

"Hapa hutanionyesha?" niliuliza.

"Hapa utapaona siku nyingine. Maji hayaachwi peke yake shambani, yanataka mtu na jembe kutwa nzima. Twende, bado watatu."

Asubuhi iliyofuata nilimpigia simu msimamizi wangu nikamwambia siwasilishi. Alikuwa mtu mwema na mchovu. "Zuhura, ripoti yako ni safi. Ukiirudisha nyuma, hutahitimu mwaka huu." Nikamwambia ni safi kwa sababu sikuichafua kwa udongo. Kisha akasema, "Sawa. Lakini usinililie Novemba."

Sikulia Novemba. Nilikuwa mferejini. Nilianza upya kwa ukurasa mtupu, na safari hii sikuuliza mwenye zamu ni nani. Nilikaa kando ya kila mlango siku ya zamu yake, nikaandika nani kafungua, nani kashika jembe, nani kafunga. Jua lilinipiga. Wenzangu walinitumia picha za majoho. Ndugu yangu akaniandikia, "Dada, bado unasomea maji?" Niliona haya, lakini sikuinuka.

Wiki zile niliona maharage ya Bibi Elinipa yakinyauka, majani yakijikunja kama karatasi iliyokaribia moto. Majirani walikuwa na maharage mabichi. Nikamwambia, kwa ujuzi wote wa mtu wa Kaloleni, kwamba huenda ni ugonjwa, anunue dawa. "Ni jua tu," alinijibu. "Andika kazi yako."

Lakini kuandika peke yake hakutoshi, maana siri ile haikuwa yangu. Nilipokuwa na picha nzima niliwaendea wale wanawake, nikawaambia nilichokiona na nilichotaka kupendekeza: kila anayeshika jembe aandikwe kwa jina lake, juu ya zamu ile ile ya marehemu wake, na ndipo marehemu apumzike, hata jina moja la zamani lisifutwe kabla jipya halijaandikwa. Walibishana karibu nusu siku. Yule mama wa Singida alisema mimi nitaondoka na cheti, wao watabaki na wa juu. Alisema kweli. Mwishowe Bibi Elinipa akasimama.

"Niandike mimi kwanza. Tukikataliwa, akataliwe mzee. Mimi nimekwisha kula chumvi nyingi, kiu hainitishi."

Niliwasilisha mwaka uliofuata, mbele ya maofisa wanne na wazee wa mfereji. Ofisa mmoja akatabasamu, "Kwa hiyo mtaalamu anapendekeza wafu waendelee kumwagilia?" Watu wakacheka. Nikajibu, "Wafu hawajawahi kumwagilia, mheshimiwa. Nimekuja na majina ya wanaomwagilia." Nikayasoma yote, moja moja, taratibu, la kwanza likiwa Elinipa. Kicheko kilikwisha kabla sijafika la tano. Mabishano yalichukua miezi, na wawili wa juu hawakutusalimia kwa muda mrefu. Zamu tisa ziliandikwa upya. Mbili bado zinagombaniwa hadi leo, na mimi bado nakwenda vikaoni.

Basi nikuambie nililolichota huko, mwanangu. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, nami nimewakubalia hilo. Ila wahenga hawakukuonya kwamba kuna kuuliza vizuri mtu asiyehusika. Shaka yako ni jembe zuri. Usilitumie kwenye mashamba ya wengine tu. Kabla hujaandika pendekezo, litembee kwa miguu mpaka mwisho, pale linapofikia watu ambao hawamo katika orodha yako, na uwaulize watakosa nini. Ukikuta jambo limepinda, usikimbilie kulinyoosha. Uliza kwanza limepinda ili likwepe nini. Huenda bado likahitaji kunyooshwa, sisemi mila ni takatifu, nimeshindana nayo na bado nashindana. Lakini linyooshe pamoja na wanaoliegemea, wasije wakaanguka. Na ukijua umekosea, rudi nyuma, hata kama majoho yamekwisha kushonwa. Mwaka mmoja si kitu. Maji yakimwagika hayazoleki, na mapendekezo yakishapigwa muhuri ndivyo yalivyo.

Mungu akupe miguu isiyochoka na masikio mapana kuliko kinywa. Akukutanishe na mtu wa kukuuliza swali gumu mapema, na akupe moyo wa kukaa nalo. Kazi yako isimkaushie mtu shamba. Amina.

Limebaki jambo moja, nalo nimelijua mwaka jana tu. Mzee Loth alikuwa anakabidhi uenyekiti, akaniita nimsaidie kupanga madaftari. Nikalikuta lile la jalada la kaki. Kwa mara ya kwanza nikasoma upande wa kulia, zile tarehe nilizoziacha. Kwenye mstari wa marehemu Anaeli kulikuwa na tarehe ile ile niliyoiandika juu ya ukurasa wa kwanza wa maelezo yangu ya matembezi yetu, na mbele yake mzee ameandika neno moja: Hakufungua. Zamu iliyofuata ilikuwa baada ya siku kumi na mbili, na maharage hayakuisubiri.

"Nilimpitia alfajiri kumkumbusha," Mzee Loth aliniambia. "Akasema leo ana mgeni wa kumtembeza."