Nzi wa Kasiksi

Kuna wakati niliamini, kwa moyo wote na kwa diplome yangu ya masomo ya jioni, kwamba nzi wadogo wanaoanguka ndani ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, wanaponya kansa. Si nzi wote. Mimi si mjinga. Wale wa ndizi mbivu tu.

Habari hiyo niliipata kwenye simu ya kinyozi wangu: wataalamu wamekuta ndani ya nzi huyo enzime, kichocheo kinachoamsha dawa ya kansa iliyolala. Nilisoma mstari wa kwanza. Wa pili ungenichelewesha, na mimi nilikuwa tayari profesa. Kufika saa sita Bagira nzima, mtaa wetu, ilikuwa imenisikia, na nusu ya Kavumu.

Sasa, maman mudogo wangu, yaani mdogo wa mama, aliyenilea, alikuwa na kansa ya titi. Alhamisi alitakiwa kurudi hospitali kuwekewa dawa ya mshipani, ile iliyomtapisha siku mbili na kumwondolea nywele. Hakuwa na hamu nayo. Nikamletea bidoni, dumu zima, ya kasiksi isiyochujwa, yenye nzi wengi kuliko waamini kwenye misa ya Pasaka.

“Mutoto, nikunywe nzi?”

“Maman, njo enzime ile. Mi nilisoma.”

“Ya hospitali niiache kwanza?”

“Iache,” nikasema, kwa sauti ya daktari aliyesomea Ulaya.

Akaiacha. Alikunywa vikombe viwili akikunja uso, akisema walau nzi hawanyoi mtu.

Ijumaa muuguzi wake akapiga simu kuuliza yuko wapi. Nilipokea mimi, nikamfundisha somo lote, na kumshauri waweke ndizi mbivu wodini. Aliniacha mpaka nikaishiwa maneno.

“Umemaliza, papa?”

“Nimemaliza.”

“Sikia basi. Ile enzime, wataalamu wanajaribu kuiingiza ndani ya chembe za kansa zenyewe, mu labo, mu vichupa vyao. Na inaamsha dawa ingine, haiko hii ya maman. Nzi ya kukunywa, tumbo inaisaga tu sawa maharage. Dawa yake inatumika bila nzi, lakini haitatumika kama hakuje. Asikunywe tena pombe. Umulete kesho asubui, saa mbili, na ile bidoni ibakie nyumbani.”