Jani Nililomeza

Hata leo nikiona jani lenye baka jeupe, mate hunijaa kinywani, nikatema.

Mti wetu wa makasu uko nyuma ya nyumba, hapa Kindu. Makasu ni zile mbegu chungu ambazo wapiga kasia hutafuna wasisinzie. Wakati wa vita, wazazi wetu walipokwisha kufa, mimi mkubwa niliacha shule nikawa nayapeleka sokoni kwa mama mmoja aliyekwenda kuyauza Lokandu, mji wa chini ya mto. Alinipa chumvi na muhogo kwa ajili ya wadogo zangu watatu. Hatukuwa na kingine.

Mwaka mmoja majani yakatoka mistari myeupe, kisha mabaka kama ngozi iliyoungua kwa maji ya moto. Ukipasua baka kwa ukucha, unamkuta kiwavi bapa, wa rangi ya usaha, kalala katikati ya mavi yake meusi. Anakula na kunya palepale.

Makasu hufunikwa majani mabichi yasikauke. Siku ile nilichuma ya karibu, ya mti uleule. Mama yule akafunua kapu.

“Wadudu! Rudisha.”

“Mududu iko mu majani, Mama. Haiko mu makasu.”

“Nani anajua? Watu ya Lokandu wakikufa, watasema njo mimi nimewaua.”

Nikachagua jani lenye baka kubwa, nikalitafuna mbele yake. Kiwavi alipasuka chini ya jino. Nikameza.

“Kama njo sumu, nitakufa hapa.”

Wanawake wa meza za jirani walicheka. Mama yule akakunja mikono.

“Kula tena. Sikuona muzuri.”

Alikuwa ameona. Nikala la pili, nao wakapiga makofi. Akapokea kapu kwa ncha za vidole, kana kwamba mdudu ni mimi. Nilitapika nyuma ya soko, mkono mmoja ukiinua chumvi juu isilowe.

Juzi mdogo wangu wa mwisho, ambaye sasa ni mwalimu na bado huniita Yaya, yaani mkubwa wake, alitoka mtini na nondo wa viwavi wale kwenye kidole, mdogo kama kipande cha kope.

“Yaya, ona! Iko na rangi ya feza. Muzuri sana.”

Nikamponda nondo palepale kidoleni.

“Sasa Yaya, amekufanyia nini?”

Sijawahi kumwambia. Nilimletea maji, nikamwambia anawe mikono, chakula kiko tayari.