Nta ya Kidahwe

Mke wangu Honorata alikuwa mtu wa kuuliza. Hata hospitali, wiki ile ya mwisho, alimuuliza muuguzi maji ya dripu yanajuaje njia. Muuguzi akacheka. Mimi sikuweza. Sasa nyumba yetu ya Buzebazeba iko kimya. Nasema tu jinsi nilivyompata.

Ilikuwa miaka ile watu wanahamishiwa vijiji vya Ujamaa. Nilikuwa dereva wa ofisi ya maendeleo Kigoma, naendesha Pijo jeusi. Jua lilikuwa limelifubaza, limekuwa kama sufuria. Polishi ya kopo ilishapotea madukani. Mkubwa wangu, Bwana Oswald, akaniita.

"Kasongo, Ijumaa mgeni anafika kwa treni. Tunampeleka Kasulu. Gari likibaki hivi, ufunguo nampa mwingine, wewe ukapakie mifuko kwenye lori."

Kwetu Katonga walishazoea kuniita Bwana Usukani. Ningerudi na uso gani?

Nikaenda Ujiji kwa Dismasi, fundi viatu, maana uzi wake aliupaka nta ya nyuki. Akasema, "Gari nalo ni kiatu cha mkubwa. Yeyusha nta juu ya maji ya moto, itoe mbali na jiko, tia mafuta ya taa kidogo. Ikipoa, paka na usugue. Ila iwe nta tupu."

Nikanunua bonge sokoni, zuri, la njano. Nikajaribu mlango mmoja. Kufika jioni mlango umekamata vumbi lote la Ujiji, na nzi juu yake. Dismasi akainama akanusa.

"Hii ina mawese, ndugu yangu. Umelikaanga gari. Nenda Kidahwe, kwa wenye mizinga."

Nikauosha mlango kwa sabuni, nikaenda. Nyumba moja ilikuwa na mizinga imelazwa ukutani. Msichana alikaa kizingitini anachambua maharage.

"Hodi, dada. Mna nta?"

"Hakuna nini?"

"Nta."

"Nimesikia hakuna. Hakuna nini?"

"Sijasema hakuna! Nasema nta!"

"Sasa kama hakuna, umefuata nini?"

Nikadhani ananidhihaki. Kumbe ndani kuna mzee anacheka mpaka anakohoa. Akatoka. Ndiye Mzee Telesphory, baba yake. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Kijana, kwa Kiha chetu nta ni hakuna. Umesimama mlangoni pangu unatangaza njaa! Wewe wa ziwani?"

"Wa Katonga, mzee."

"Ndiyo maana. Honorata, anataka ile ya masega."

Honorata akaleta mabonge mawili. Moja la njano kama lile la sokoni. Moja la kahawia, baya, linanuka moshi. Nikashika la njano. Hakunizuia. Aliniangalia tu.

"Unaenda kulifanyia nini?"

"Kupaka gari."

"Gari linaumwa?"

"Haliumwi. Ling'ae."

"Likishang'aa linakwenda mbio zaidi?"

Akamega kipande cha kila bonge, akaniwekea mkononi.

"Tafuna. Mama alitufundisha hivyo."

La njano likanata kwenye meno kama ubani. La kahawia likavunjika vipande vipande, halikunata popote. Akasema la njano ni la jirani, huyeyushia kwenye chungu cha mawese. La kahawia ni la masega ya zamani, ndiyo maana lina rangi ile, lakini ndani yake hamna kitu kingine.

Nikawaza: rangi nzuri, au isiyonata? Gari ni jeusi, rangi ya nta nani ataiona. Nikachukua la kahawia, nikamwambia Ijumaa gari litapita hapo kwenda Kasulu.

"Ukienda Kasulu, simama hapa," akasema. "Nataka kuona."

Nilisugua kivulini siku nzima, mpaka mabega yakafa ganzi. Ijumaa Bwana Oswald akalizunguka gari, akajiona mlangoni, akaweka kola sawa.

"Mbona linanuka asali?"

"Ndiyo polishi yenyewe, mkubwa."

Ufunguo ulikuwa bado mkononi mwake. Akanipa. "Tuone kama litafika hivi Kasulu."

Vumbi la barabara ile mnalijua. Tulipokaribia Kidahwe, Honorata yuko katikati ya njia na ndoo kichwani. Nikafunga breki. Hakunisalimu. Akatua ndoo, akamwaga maji yote juu ya boneti.

Bwana Oswald akafoka, "Wewe binti, una wazimu?"

Mimi nilishaona mifuko ya lori.

Maji yakajikusanya shanga shanga, yakakimbia na vumbi lote. Pijo likabaki jeusi, linawaka. Honorata akainama mpaka pua ikakaribia bati.

"Yanakataa," akasema. "Baba, njoo uone, maji yanakataa!"

Mgeni akashuka. Mtu mzima, na suti yake. Naye akainama pembeni yake.

"Kweli, yanakataa. Oswald, hii polishi ya wapi?"

Bwana Oswald akanitazama. "Dereva wangu anajua," akasema.

Jumapili nilirudi Kidahwe kwa baiskeli ya kuazima, kwa kuwa gari ni la serikali. Mzee Telesphory akanikuta natweta mlangoni.

"Nta imekwisha."

"Sikufuata nta, mzee."

Honorata akatoka na kigoda. Akaniuliza kwa nini baiskeli haianguki ikienda, ila ikisimama inaanguka. Nikakaa. Giza likatukuta bado namweleza.