Makapi ya Masii

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti Masii nikiwa nimevaa viatu vyeupe, upumbavu mtupu kwa mtu aliyekuja kushughulika na magunia. Mvua ilikuwa imekosa misimu miwili. Mimi nilikuwa mpimaji: nilihakikisha kila familia imepata mgao wake, yaani mahindi na maharagwe ya mwezi mmoja.

Mkuu wangu, Bwana Mratibu, alitoka Pwani. Alikuwa mtu mwadilifu, ila aliwachukia walanguzi kuliko alivyoichukia njaa. Lori la mwezi wa pili lilipofika, hatukuwa tumeshusha hata gunia moja alipowaona mbuzi wakila makapi ya mahindi nyuma ya kanisa. Akasema wanaolisha mifugo chakula cha msaada hawana njaa, akamwamuru dereva ageuze lori arudi mjini. Foleni ilikuwa imejipanga tangu alfajiri, akina mama wengi wakiwa na watoto mgongoni. Niliogopa wangerudi nyumbani mikono mitupu.

Aliyesogea mbele ni Mama Ndunge, mwenyekiti wa mwethya, kikundi cha akina mama waliozoea kulimiana mashamba.

"Mkubwa, hiyo si mahindi, ni ngozi yake," alisema. "Sisi tunatwanga, tunatoa ngozi, tunapika muthokoi. Mbuzi akikula hiyo ngozi anakuwa na maziwa, na mtoto anakunywa."

Kwao Bwana Mratibu mahindi husagwa yakawa unga. Hakuwa amewahi kuona yakikobolewa kwenye kinu. Mama Ndunge hakubishana naye. Alimletea bakuli la muthokoi kutoka kwenye sufuria iliyotokota tangu asubuhi, mabaki ya mgao wa mwezi uliopita. Mkubwa akala amesimama, taratibu, akawatazama mbuzi, kisha akaitazama foleni.

"Shusheni," akasema. "Na mniletee chumvi."

Nilishusha pumzi, halafu nikashusha magunia, na viatu vyeupe vikaishia hapo.

Baadaye nilihamishiwa Kangundo, kisha Tala, chini ya wakubwa wengine, wapole na wakali. Kila mkubwa mgeni nilimpeleka kwenye kinu kabla hajaona ghala.

Sasa nimestaafu, nafuga mbuzi wawili, na bado nashukuru kwamba lori lile halikurudi mjini na mzigo wake. Majuzi afisa mpya wa msaada alipita kwangu, akasimama langoni akiyakazia macho makapi uani. Kabla hajauliza nilimpa kiti, nikaingia jikoni kumpakulia bakuli, na chumvi kando.